Mapema Iwezekanavyo

Swindon, Jumanne, manyunyu.
Basi limeuvamia ule mzunguko wa barabara
wenye mizunguko mitano tumboni,
na mimi, mwaka wa tisa huu, bado nafumba macho
mpaka dereva atokeze upande wa pili.
Kisha napanda ghorofa ya tatu
kuandikisha vitu ambavyo sitaviona maishani.

Leo zamu ya Linnet-4, kijisetilaiti
kisichozidi kasha la viatu.
Kimeundwa Glasgow,
kikarushwa ng'ambo kwa roketi ya watu wengine,
na kabla hakijakunjua mabawa yake ya kunywea jua
kampuni ikauzwa Toronto.
Barua pepe kumi na saba, zote za adabu,
zote zasema: si chetu, ni chenu.

Bwana Pritchard akavua miwani.
"Aliyerusha ni mzazi, aliyelipa nauli ni mzazi,
aliyetoa uwanja naye ni mzazi.
Ila daftari linataka mmoja."
Kwetu, nikamwambia, kitanda hakizai haramu.
Nilipomfafanulia alicheka
hata chai ikaumwagikia mwinamo wa obiti,
nyuzi tisini na saba na nusu, tarakimu zikavimba.
Adhuhuri Ottawa wakaamka, wakaridhia: chenu.

Nikajaza. Jina. Dola.
Mzunguko mmoja, dakika tisini na tano.
Kazi yake kwa jumla: kutazama mawingu,
kazi ambayo Swindon tungeifanya bure.
Tarehe ya kurushwa, na hapo
wahandisi wameniletea mpaka sekunde:
saa nne, dakika kumi na moja, sekunde thelathini na nane.
Kalamu ikagoma.

Mimi ni wa mosi Januari.
Niliandikwa Croydon, katika jengo lenye jina la mwezi,
mama kasimama mbele ya dirisha la kioo, anaeleza:
huyu nilimzaa Barawa, usiku ule
paka wa Bi Shamsa alipojifungulia kapuni mwetu
juu ya kanga zilizotoka kufuliwa.
Mkalimani, kijana wa Hargeisa,
lugha yetu akiisikia kwa mbali tu,
akayafunga yote kwa neno moja: hajui.
Hajui! Mama aliyeijua rangi ya kanga
na idadi ya vipaka.
Kaka zangu wawili, mosi Januari.
Binti wa jirani, mosi Januari.
Ungedhani tulirushwa sote kwa roketi moja.

Barua ikasema tutajibiwa mapema iwezekanavyo.
Miaka sita.
Na neno hilohilo limo mkatabani, ibara ya nne,
limekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga:
dola itatoa taarifa zake mapema iwezekanavyo.
Wapo waliochukua miaka.
Vipo vilivyoungua vikawa majivu
havijatajwa popote.

Kwa hiyo sikwenda kula.
Saa tisa kasorobo fomu ilikuwa tayari kwenda Vienna,
isipokuwa kisanduku cha mwisho:
maelezo mengine, kwa hiari.
Nikapiga simu Glasgow, akapokea mhandisi, Eilidh Geddes.
Siku mliyokitoa hapo, nikamuuliza, kulikuwaje?
Akanyamaza.
Lifti ilikufa, akasema. Tulikishusha mikononi, ngazi za ghorofa nne,
na Fergus akakiimbia kama mtoto anayebembelezwa,
kwa mzaha,
halafu hatukucheka.

Nikaandika hivyohivyo.
Bwana Pritchard akasoma, akanitazama, akafuta.
Nakala ya Vienna ikaenda bila lifti, bila bembea.
Ila hii ya hapa, ya karatasi, yenye doa la chai,
ina mstari wa penseli pembeni.